Mkia wa Wimbo wa Kagaruki

Nairobi,
14 Februari 1971

Kwako Dada Anatolia,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye yu hai, mzima, na bado mwembamba kama ulivyomwacha. Najua unasoma barua hii na kalamu nyekundu mkononi, mwalimu wee, kwa hiyo nitajitahidi. Habari za Muleba? Shule imefunguliwa vizuri? Mguu wa Shangazi Benigna umepona, au bado anausingizia asiende kupalilia? Na habari za baba yetu, Taata, sitaziuliza. Wewe niambie tu.

Mimi huku nina jambo kubwa. Bendi yetu imekubaliwa kurekodi santuri ndefu. Si zile ndogo za wimbo mmoja huku na mmoja kule, Dada. Ndefu, yenye nyimbo nane, na jina langu litakuwa mbele kwa sababu saksafoni ndiyo inayoongoza. Tutaiita Ng'ambo ya Ziwa. Nyimbo saba ninazo. Ya nane ninaitafuta na haipatikani, kwa sababu ninajua ni ipi.

Unakumbuka siku tulipomzika Babu? Taata alitoa enanga yake ya nyuzi ndani, akakaa kwenye kigoda karibu na kaburi, akapiga ule wimbo mmoja, na watu wote wakanyamaza, hata akina mama waliokuwa wakilia. Nilikuwa mdogo. Nimeubeba mwanzo wake miaka yote hii, lakini katikati unanitoka. Nikiupiga unafika mahali na kukatika.

Mwombe Taata aniachie wimbo huo. Mimi siwezi kuja kumwomba. Unajua alichosema mwaka wa sitini na mbili, nilipoacha chuo cha ualimu: "Ukiondoka na hilo baragumu, usirudi mpaka nikuite." Mwaka wa tisa huu, hajaniita.

Msalimie Shangazi.

Mimi mdogo wako,
Mwijage


Muleba,
20 Machi 1971

Mdogo wangu Mwijage,

Barua yako imenifikia ikiwa imezeeka. Tangu mambo ya Uganda yalipoharibika mwezi wa kwanza, kila kitu kinasubiri meli, na meli nayo ina mambo yake. Mimi sijambo. Shule ina watoto wengi kuliko madawati, na mchana tunalima shamba la shule, maana Elimu ya Kujitegemea si ya kusomwa darasani tu. Mguu wa Shangazi ulipona siku nyingi, ila yeye hajaambiwa. Ile habari ya kuolewa usiniulize, wengine wameshauliza kwa niaba yako.

Taata ni mzima. Amekonda kidogo, ila panga lake halijakonda. Jumamosi mbili zilizopita nilipanda basi hadi Bukoba, na kutoka hapo nikaenda nyumbani kwetu Kaagya, kwa ajili yako tu. Nilimkuta kwenye kibanja anakata majani makavu ya migomba. Nikamsomea barua yako yote. Ulipotaja mwembamba alicheka. Ulipotaja wimbo aliacha kukata.

Akasema hivi, na ninakuandikia kama alivyosema: "Mimi nilipiga magoti mbele ya baba yangu. Nilileta pombe ya rubisi kibuyu kizima na omwani kwenye kikapu kidogo, tukatafuna kahawa wote wawili, ndipo akanipa. Mwambie mwenzako wimbo hautumwi kwa posta."

Nikamwambia, basi mwite aje apige magoti. Alirudi kwenye majani yake, na mimi nikaenda kumsaidia Shangazi kumenya ndizi.

Usinikasirikie. Nimeuliza, nimejibiwa.

Dada yako,
Anatolia


Nairobi,
11 Aprili 1971

Dada Anatolia,

Leo ni Pasaka, na nimeisikiliza misa nikiwa nyuma kabisa ya kanisa, kama tulivyokuwa tukikaa Kashozi ili tutoke kwanza. Kwaya yao ni nzuri lakini haina mtu kama wewe wa kuitazama kwa jicho kali. Heri ya Pasaka kwenu wote.

Sikukasirika. Nilikaa na barua yako siku tatu, kisha nikarudi kwenye saksafoni nikapiga ule mwanzo, na ukakatika palepale. Studio tumepewa wiki ya mwisho ya Juni. Mwenye studio ameusikia huo mwanzo na anasema bila wimbo huo santuri haina moyo.

Dada, wewe unajua do-re-mi. Unaziandika nyimbo za kwaya ukiwa umesimama, bila kinanda. Huhitaji kumwomba chochote. Kaa karibu naye, sikiliza. Mzee yeyote hunung'unika wimbo wake akiwa kazini.

Ninajua ninachokuomba. Ninakuomba hivyohivyo.

Mwijage


Muleba,
16 Mei 1971

Mdogo wangu,

Salamu za hapa ni njema. Mvua imetosha, maharage yamekubali, Shangazi amepata kuku wapya na anawaita kwa majina ya watakatifu. Mimi nimepungukiwa na usingizi, na sababu iko kwenye karatasi ya pili ya barua hii.

Nimekwenda Kaagya Jumamosi tatu mfululizo. Hanung'uniki wimbo wowote kazini, ulikosea. Hivyo nilifanya jambo nisilolipenda. Nilimwambia: "Taata, siku ukiondoka hapa nyumbani hapana kijana wa kukupigia wimbo wa ukoo. Nipigie mimi niujue, angalau niuimbe." Nilisema hivyo ili nikupelekee wewe. Halafu akaingia ndani, akashusha enanga kutoka darini. Ule ubao ulikuwa na vumbi, na nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Alizifunga upya bila haraka, akapiga.

Vidole vyangu vilikuwa vikimfuata, na sitasema kwa nini. Nilisikiliza mara nne, nikaenda nyuma ya jiko nikaandika yote juu ya paja langu. Ndiyo karatasi hiyo uliyo nayo. Hakikisha ile nota ya la ya mstari wa tatu unaishusha taratibu. Taata huiacha ianguke yenyewe.

Mwisho wake haumo. Si kwamba nimesahau. Alipofika pale aliweka kiganja juu ya nyuzi akasema, "Mkia wake haupigwi mwenye nyumba akiwa hai. Ni mwiko." Kwa hiyo wimbo unaishia palipoishia karatasi, tafuta mwenyewe namna ya kushuka.

Nilitaka kukuandikia jambo jingine juu ya wimbo huo, kisha nikaona kwamba kwenye saksafoni, na magitaa, na ngoma zenu, hakuna atakayeutambua. Basi niliache.

Nimemdanganya Taata. Jumapili niliungama. Padri aliniuliza kama najuta, nikasema nitamjibu wiki ijayo.

Anatolia


Nairobi,
4 Julai 1971

Dada yangu mpendwa,

Hamjambo wote? Mimi sijambo na zaidi ya sijambo. Tumemaliza!

Nikueleze studio. Ni chumba kilichobandikwa magunia na magodoro ukutani ili sauti isirudi. Ukiongea humo unajisikia kama umezikwa. Taa nyekundu ikiwaka, hakuna kukohoa wala kukwaruza kiti. Tunapiga wote kwa pamoja, na mmoja akikosea, tunaanza upya wote. Wimbo wa tatu tuliurudia mara kumi na moja kwa sababu kiatu cha mpiga besi kilikuwa kinalia. Mwishowe akapiga peku.

Wimbo wa Taata tuliuacha wa mwisho. Niliwaambia wenzangu wasipige ila ngoma moja, kwa mkono. Niliibandika karatasi yako ukutani, juu ya gunia. Dada, mwandiko wako! Hata do zako zimenyooka kama watoto wa darasa la kwanza mstarini. Taa ikawaka, nikapiga. Ile la niliiacha ianguke. Nilipofika mwisho wa karatasi sikujua pa kwenda, nikaishikilia ile nota hadi pumzi ikaniishia. Mpiga ngoma akaacha. Mwenye studio akatoa kichwa mlangoni akasema hatutarudia.

Nililia. Niliwaambia ni jasho.

Nimemwomba mwenye studio santuri ya kwanza itakapotoka aipakie kwenye meli, ifike kwa Zahoro pale Bukoba mjini, maana wewe huna gramafoni na yeye anayo. Atakutunzia dukani. Wimbo nimeuita Wimbo wa Kaagya. Ukiusikia niandikie siku hiyohiyo.

Ndugu yako,
Mwijage


Kaagya,
29 Agosti 1971

Mwijage,

Barua hii ninaiandikia nyumbani, shule zimefungwa. Salamu nitakupa, ila fupi: wote wazima. Taata mzima kabisa. Nakwambia hilo mapema kwa sababu usipolisoma kwanza utaanguka.

Santuri ilifika Alhamisi, siku ambayo watu wa huku huwa wamejaa mjini na kahawa yao na ndizi zao. Zahoro alifungua boksi aone kama haikupasuka safarini. Kisha, kwa kuwa ni Zahoro, akaiweka kwenye gramafoni, akageuza spika ikatazama barabarani. Nyimbo zako saba zilipita watu wakichezesha mabega. Ikaja ya nane.

Anasema mzee mmoja wa Kaagya alivua kofia. Mwanamke mmoja akateremsha mkungu wake chini. Kisha soko lote likasimama, na mtu akamtaja Taata kwa Kihaya, "Kagaruki ametutoka." Zahoro hakuelewa wanachokimbilia.

Hili ndilo jambo nililoacha kukuandikia. Wimbo huo si wimbo wa kaburi la Babu tu. Katika ukoo wetu haupigwi hadharani ila siku moja, siku anapozikwa mwenye nyumba. Wewe ulikuwa mtoto, hukuambiwa. Mimi niliambiwa. Nilidhani shaba ya saksafoni yako itauficha, na haikuuficha hata kidogo.

Saa nane mchana nikasikia kilio kinapanda njia. Wameingia kwenye kibanja kwa makundi, wanawake wamejifunga viuno, wanaume na mikungu ya ndizi, kuni, maharage, vibuyu vya rubisi. Taata alikuwa katikati ya migomba na panga lake. Waliokuwa mbele walimwona wakanyamaza, waliokuwa nyuma wakaendelea kulia. Shangazi Benigna alitoka jikoni akaanza kulia nao kabla ya kuuliza aliyekufa ni nani.

Taata akauliza, "Nani kafa?" Mzee Karugendo, yule mkubwa wa ukoo, akamwamkia kwa heshima, "Kasinge waitu," kisha akasema, "Inaonekana ni wewe."

Chakula kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani, unajua. Kwa hiyo walikaa. Walipika, wakala, na kwa kuwa walikuwa wamekuja na maneno ya kumsema marehemu, wakayasema. Taata amekaa kwenye kigoda anasikiliza jinsi alivyomvusha mtu mgonjwa mtoni mwaka fulani, jinsi alivyogawa mbegu wakati wa njaa. Mtu mmoja alimsema kuwa alikuwa mbishi. Taata alitikisa kichwa akakubali.

Jioni Zahoro akafika na gramafoni yake nyuma ya gari la mtu, kuja kuomba radhi. Taata alimchukua pembeni wakaongea kidogo. Kisha akataka kuusikia. Waliupiga mara tatu. Ulipokwisha alisema, "Pumzi imeisha, wimbo haujaisha."

Halafu akaniita mbele ya watu wote, akanipa ile santuri akasema, "Mwalimu, nisomee. Wimbo huu wameandika ni wa nani?"

Nikasoma. Imeandikwa: Wimbo wa Kaagya, mtunzi Mwijage.

Mwijage, nilimtazama baba yangu usoni nikasoma: "Wimbo wa Kaagya, mtunzi Kagaruki." Akasema, "Vizuri." Watu wakapiga makofi.

Nimefundisha kusoma miaka kumi na nne. Sijawahi kusoma kitu ambacho hakijaandikwa. Niambie kwa nini uliweka jina lako.

Anatolia


Nairobi,
3 Oktoba 1971

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mwanzo nilikuandikia kwamba karatasi ya studio ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina. Nikaichana. Nikakuandikia kwamba mwenye studio aliharakisha. Nikaichana pia. Yote mawili ni kweli na hayajibu swali lako.

Niliandika jina langu kwa sababu ya hasira. Miaka tisa sijaitwa. Nilitaka siku moja kitu chake kiingie nyumbani mwake kikiwa na jina langu juu, asiweze kukifukuza. Nilijiona mshindi nilipoandika. Nilipofika kituo cha basi ushindi ulikuwa umekwisha, lakini sikurudi kufuta. Nilitafuta namna ya kukwambia katika barua ya Julai, nikakueleza habari za kiatu cha mpiga besi.

Nilikutia wewe katika uongo wangu, wewe ambaye huibi hata chaki. Naona haya, Dada. Naona haya hata kupiga ule wimbo. Watu wanauomba kila Jumamosi na mimi nasema mdomo unauma.

Nimekwenda kwa mwenye studio. Toleo la pili litaandikwa Kagaruki wa Kaagya, amekubali. Ila anataka turekodi upya mwisho, maana anasema unaning'inia. Kama Taata atalainika, kama siku moja ataupiga mkia, uandike kwa do-re-mi unitumie. Sitaomba tena kitu baada ya hapo.

Je, amesema lolote juu yangu?

Mwijage


Muleba,
14 Novemba 1971

Mdogo wangu Mwijage,

Senene wameanza. Juzi watoto waliacha darasa wakatoka nje na mifuko, nami sikuwa na nguvu ya kuwazuia, nilikuwa mbele yao. Mji unapigwa chokaa kwa ajili ya miaka kumi ya Uhuru, na kwaya yangu itaimba mbele ya Mkuu wa Mkoa, kwa hiyo sauti ya tatu inanitoa jasho. Shangazi anakusalimia. Kuku wake Mtakatifu Monika ameliwa na kicheche.

Barua yako nilimsomea Taata Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, yote, hata yale maneno ya hasira. Nikamwambia pia kwamba siku ile nilisoma kisichoandikwa, nikapiga magoti kuomba msamaha.

Akasema, "Nilijua. Nilimwuliza Zahoro kwanza."

Nikamwuliza, sasa kwa nini uliniita mbele ya watu? Akasema, "Jina lililoandikwa nilikwishalijua. Nilitaka kujua kama yuko mtoto wangu atakayeona haya kulisoma." Kisha akasema barua yako imemwonyesha kwamba wako wawili.

Sasa sikia jambo lenyewe. Karugendo na wakubwa wa ukoo walishasema matanga yale hayajafungwa. Watu wamelia, wamekula, na msiba haufungwi mpaka mrithi asimikwe. Wengine wanacheka, lakini hawana utulivu. Basi Taata akasema na wafunge. Tulikutana Kaagya Jumapili iliyopita. Kibanja amekitaja kuwa ni chako, kwa desturi, na hakuna aliyeshangaa. Kisha akashusha enanga akaiweka mapajani mwangu.

Karugendo akasimama. "Mwanamke hashiki enanga, Kagaruki."

Taata akamjibu, "Mwanamume niliyemzaa ana baragumu lake, na analipiga vizuri kuliko nilivyotaka kukubali. Huyu ndiye aliyeusikia wimbo akauandika bila kukosa hata sehemu moja. Mnataka niupe mgomba?"

Mwijage, mimi nilipokuwa na miaka saba nilishika enanga hiyo alipokuwa shambani. Alinikuta akanichapa vidole. Wewe ulipewa filimbi, kisha tarumbeta ya misheni, kisha ukapewa dunia. Mimi nikapewa kwaya. Niliipenda, siwezi kulalamika. Ila nilipomdanganya kwamba nataka kuujua wimbo kwa ajili yangu mwenyewe, haukuwa uongo, na ndiyo maana nilishindwa kumjibu Padri. Sijawahi kumwambia mtu hili. Sasa nimekwambia.

Halafu akaniambia nipige. Nikapiga hadi palipoishia karatasi, vibaya, vidole vinauma. Akaichukua enanga. Nikamkumbusha, "Taata, ni mwiko, uko hai." Akasema, "Mimi nimeshaliliwa. Marehemu hana mwiko." Akaupiga mkia, mara moja, watu wote wakisikiliza. Kisha akanirudishia, nikaupiga mimi. Ni mfupi. Haufanani na ulivyodhani, wala nilivyodhani.

Uliuliza kama amesema lolote juu yako. Nilipokuwa ninafunga mzigo kurudi Muleba alinifuata njiani hadi kwenye mti wa mpaka, akasema, "Mwandikie Mwijage. Mwambie namwita."

Basi panda meli. Lete rubisi kibuyu kizima, utaipata hapahapa Bukoba, na omwani kwenye kikapu kidogo. Saksafoni iache mlangoni kwanza. Utapiga magoti mbele ya Taata, kisha utasogea, utapiga magoti mbele yangu, kwa kuwa mkia wa wimbo ninao mimi, na enanga ni yangu.

Karatasi ya pili usiitafute kwenye bahasha, haimo. Wimbo hautumwi kwa posta.

Ni mimi dada yako,
Anatolia Kagaruki